Siku ya Kubomolewa Jiko la Mama

Hasira niliyorudi nayo Sydney kutoka Japani haijapoa, na wa kwanza kuistahili ni mimi mwenyewe.

Mama alikuja kukaa nami hapa Sydney, mtaa wa Lidcombe, miezi mitatu. Mimi na mdogo wangu wa kiume, aliyebaki nyumbani magharibi mwa Kenya, tukaona hiyo ndiyo nafasi: tungebomoa jiko lake la nyasi na kumjengea la matofali, lenye gesi na sinki, arudi alikute tayari. Wazo lilikuwa langu. Ninauguza wagonjwa wa mapafu katika hospitali ya Westmead, na nilikuwa nimechoka kumsikia mama akikohoa kwenye simu.

Mdogo wangu alisita. "Sis, si tumuulize kwanza?"

"Ukimuuliza atakataa. Anza tu."

Ndivyo tulivyo sisi wa ng'ambo. Tunaamrisha mambo ya nyumbani kwa simu, tukiwa tumekaa kwenye kochi, halafu tunasubiri shukrani.

Nilipopata likizo nikampeleka mama Japani siku chache. Siku ya tatu tukapanda basi la watalii kwenda milimani. Asubuhi nzima tulizungushwa katika mji wa kale wenye nyumba nyeusi za mbao na maduka ya pombe ya mchele. Mama alinuna. Miguu ilimuuma, chai haikuwa na maziwa, watu walimkodolea macho. Nilikuwa nimebembeleza wiki nzima nipewe siku zile kazini, kwa hiyo nami nikafura. Nikamwambia angalau atabasamu kwenye picha. Hakutabasamu.

Alasiri basi lilitushusha kwenye kijiji cha mapaa ya nyasi, marefu, yaliyoinama pande mbili. Mama akasimama ghafla. Tukavua viatu, tukaingia nyumba moja. Moto uliwaka katikati ya sakafu, birika jeusi likining'inia juu yake, na moshi ukipanda kwenye boriti zilizoiva kwa masizi. Watu walikuwa wamekata tiketi kuingia humo. Mama akachuchumaa karibu na moto, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Moshi huu ndio unaofukuza wadudu kwenye nyasi," akaniambia.

Punde si punde mwongozaji wetu, binti mwenye kipaza sauti, akaeleza jambo lilelile kwa Kiingereza, na watalii wote wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Akaongeza kwamba paa likichakaa, kijiji kizima hukusanyika kuliezeka upya.

"Kama sisi," mama akasema. "Nyasi za jiko langu zililetwa na wanawake wa kikundi chetu, kichwani."

Kwetu kulikuwa kumekucha, na mafundi walikuwa waanze siku hiyohiyo. Nikapapasa mfukoni nimpigie mdogo wangu awasimamishe. Simu yangu alikuwa nayo mama, akipiga picha za ule moto awatumie wenzake wa kikundi. Ujumbe ukaingia mikononi mwake. Ilikuwa picha kwenye kundi letu la familia la WhatsApp: ukuta wa udongo umelala chini, nyasi zinawaka uani, mdogo wangu kainua dole gumba.

Mama hakupiga kelele. Alimpigia palepale, akiwa bado amechuchumaa. "Mahindi yangu ya mbegu yaliyokuwa juu ya moto, mmeyaweka wapi?"

"Mbegu gani, Mum?"

Zilikuwa mbegu alizopewa na mama yake alipoolewa. Kila mavuno alichagua mahindi bora, akayafunga kwa maganda yake na kuyatundika moshini yasiliwe na wadudu. Mdogo wangu haingii jikoni, angejuaje? Mimi nilijua. Nimekulia chini ya mahindi yale, nikipuliza moto huku macho yakinitoka machozi, na nilipokuwa natoa amri zangu hayakunipitia akilini hata mara moja. Hilo ndilo linalonichoma.

Njia nzima ya kurudi mama alimporomoshea maneno kwenye simu, watalii wakigeuka kututazama. Mjinga, umengoja nikupe kisogo, umenizika ningali hai. Nilikuwa kiti cha pembeni, nikimsikia mdogo wangu akisema pole, nisamehe, pole. Nilingoja anitaje. Hakunitaja. Nilimkasirikia kwa kunificha, kisha nikajikasirikia zaidi kwa sababu nilishusha pumzi.

Sasa tuko Lidcombe. Mama hapokei simu za mdogo wangu. Bado anakohoa vilevile, kwenye fleti yangu yenye jiko la umeme, isiyo na moshi hata chembe, na mimi muuguzi wa mapafu sikuwahi hata kumpeleka kupigwa picha ya kifua.

Juzi alikuwa akimenya viazi, mgongo kanipa.

"Wewe ungekuwa nyumbani," akasema, "ungewakataza."

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama."