Ejo Ni Lini?

Juzi hapa Gitega, kwa muuza vitabu vikuukuu pembeni mwa soko, nilifungua kamusi ya Kirundi na Kiswahili nikakuta: ejo, jana; kesho. Basi. Aliyeandika akaweka nukta-mkato katikati, akaenda zake kulala. Ndugu yangu, ndani ya nukta-mkato hiyo mimi niliwahi kulia mchana kutwa.

Nilikuwa mtoto, tumerudi Giteranyi, Burundi, kutoka Tanzania, mama na mimi. Baba alibaki kule kwenye kambi ya wakimbizi amalize kuvuna, aje na lori la nyuma. Bibi tuliyefikia kwake hakujua Kiswahili, na mimi niliyekulia kambini Kirundi sikukijua. Aliponipa kibuyu cha juisi ya ndizi akasema "soma", nilikigeuza nikitafuta herufi, kumbe ananiambia ninywe. Ejo alinifundisha kwa kunionyesha uani matope ya mvua ya jana. Nikaweka akilini: ejo ni jana.

Siku moja mama ameenda kuomba mbegu kwa ndugu zake, jirani akarudi na baiskeli yake kutoka Muyinga mjini. Akaongea na bibi. Mimi nikadaka maneno matatu tu: baba, lori, ejo.

Lori la baba limefika jana! Sasa yeye yuko wapi? Nikamuuliza bibi, "Jana?" Akaitikia kwa kichwa. Masikini bibi, alikubali kila nilichosema kwa Kiswahili, kwa mapenzi tu. Maharage yakaiva, harufu ikajaa nyumba, sikuonja hata punje. Niliogopa, wee! Nilimwona baba kashushwa njiapanda asiyoijua, anaita majina yetu.

Jioni mama alirudi, akaongea na bibi, akacheka. "Kesho, mwanangu. Baba anakuja kesho."

"Na jana wanaiitaje?"

"Ejo."

Sikuamini. Watu wazima na akili zao, jana na kesho neno moja?

Kweli, kesho yake baba akashuka na godoro kichwani. Nikamng'ang'ania shati nikilia. Akaniuliza nina nini.

"Nilidhani ulikuja jana."

Bibi hayupo tena, baba naye tumemzika. Wanangu wameijua ejo tangu wananyonya. Kitenzi kinawaambia kama ni ya nyuma au ya mbele, wala hawafikirii. Mama amebaki peke yake kule Giteranyi. Jirani akinipigia simu na kuanza, "Ejo mama yako...", moyo hunienda mbio mpaka kitenzi kifike.