Kumi na Nne kwa Lita

Mtaani walimwita Mzee Lita, maana hata msibani alijua namna ya kuyavuta mazungumzo hadi kwenye gari lake dogo la buluu. "Lita moja, kilometa kumi na nne," alisema kila mara, na watu wakakonyezana. Alikuwa dereva wa lori la maziwa mpaka akastaafu. Hilo la buluu alilinunua yeye na mkewe wangali vijana.

Sasa mke hayupo, na binti yao, aliyelijaza mafuta kila wiki, alikuwa amechoka.

"Baba, hili halinywi, linabugia. Tuliuze."

"Unalisingizia. Tulipime."

"Haya. Likifika kumi na tatu, linabaki. Likishindwa, usininunie."

"Mimi na kununa wapi na wapi?"

Kupima kulikuwa na utaratibu wake. Tangi lilijazwa hadi shingoni, kisha mtu akashika bampa ya nyuma na kulitikisa gari, hewa iliyojificha itoke, yaongezwe mafuta mengine. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama, akicheka hadi viatu vinamvuka. Asubuhi ile aliifanya binti. Wakaenda mji wa pili na kurudi, kwa barabara ileile waliyopita wazazi kila Jumapili kwenda kumwona bibi. Mzee alikanyaga mafuta kama anayekanyaga yai.

Jioni wakarudi kituoni, kwenye pampu ileile, waone zitaingia lita ngapi. Mafuta yalipofika shingoni, mzee akasema, "Inatosha. Piga hesabu."

"Na kutikisa?" binti akauliza.

"Wakati wa kurudi hatutikisi."

"Baba! Hewa ikibaki, si yanaingia machache? Lazima lionekane halinywi."

Mzee akageuka. Akakitazama kiti cha abiria.

"Mama yako alikuwa amelala hapo," akasema taratibu. "Kila Jumapili. Ningemtikisaje?"

Binti akashika bampa. Tangi likameza, likameza tena. Hesabu ikatoa kumi na mbili kwa lita.

Mzee akaanza kucheka, kidogo kidogo, mwishowe akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Miaka yote hiyo nawatambia watu usingizi wa mama yako!"

Akampa binti ufunguo. "Liuze. Ila leo uniendeshe wewe."

Akazunguka, akakaa kwenye kiti cha mkewe, akakilaza nyuma. Kabla hawajatoka kituoni alikuwa amefumba macho, na binti akakata kona polepole, asimwamshe.