Sahihi ya Wifi

Fundi cherehani na wifi yake walipakana vyumba, na kila mmoja alikuwa na mtoto mwenye pumu. Watafiti wa hospitali walipokuja kuomba watoto wa kujaribia dawa mpya, fundi alikataa kata kata. Wifi aliuliza maswali asubuhi nzima, kisha akatia sahihi.

Tangu hapo, kila Alhamisi muuguzi alipita mbele ya cherehani bila kusimama, akaingia kwa wifi. Alimpima mtoto pumzi, akauliza amelalaje, akacheka naye. Fundi alisikia yote kupitia ukutani, na kijicho kikamkaba hadi siku moja akashona mkono wa gauni nje ndani. Mtoto wa wifi alikuwa akiruka kamba. Wa kwake alikohoa mlangoni.

Alhamisi ya sita alishindwa kuvumilia, akamfuata wifi uani.

"Umebahatika, wifi. Wako kapata dawa."

Wifi aliendelea kukamua shuka. "Nani kakwambia? Wengine wanapewa mpya, wengine ile ya zamani. Hata muuguzi hajui nani kapewa ipi. Mimi ndiye ninayekuonea wivu. Wewe ulikataa, ukalala. Mwanangu akipiga chafya tu, najiuliza nimemfanya nini."

Fundi akashika ncha ya pili ya shuka, wakakamua pamoja.

Wivu haukuisha. Lakini Alhamisi iliyofuata fundi alimsimamisha muuguzi. "Dada, na wangu anakohoa. Kliniki ya kawaida ni lini?"

"Jumatatu," alijibu muuguzi, akainama kumtazama mtoto.