Kadi Mbili Bila Mshika Plau

Nakumbuka siku uvumilivu uliponiishia, mwanangu Ghati, nawe uko mgongoni umelala. Nilikuwa nimerudisha kompyuta dukani Sirari, muuzaji akacheka: "Mama Ghati, labda hujui kuiwasha."

Hujui kuiwasha! Mimi ninayehariri video za harusi kuanzia Natta mpaka Tarime mjini! Nikapiga meza yake mpaka ukaamka.

Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu, nisikufiche. Nilitaka kadi ya grafiki, kile kifaa kinachobeba mzigo wa picha ndani ya kompyuta. Ningeweza kununua moja yenye nguvu, au mbili za kawaida. Nikamtajia muuzaji programu yangu ya kuhariri, naye akasema, "Chukua mbili, dada, zitafanya kazi pamoja. Ng'ombe mmoja halimi." Binti wa Kikurya nitabishana na neno hilo? Nikabeba mbili.

Programu yangu ikaiona moja tu. Ya pili ikabaki kula umeme na kutoa joto, mashine ikawa inazimika katikati ya kazi. Na kazi yenyewe ilikuwa video ya harusi iliyofanyika kijijini Busawe. Baba wa bibi harusi hakuhudhuria, alikuwa mgonjwa kitandani. Binti alitaka kumwonyesha video hiyo Jumamosi.

Bibi yako wa Machochwe, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alinisikiliza hadi mwisho.

"Hao ng'ombe wako wawili, plau kashika nani?"

"Hakuna, mama."

"Basi umenunua nyama."

Nilicheka kwa uchungu. Shuleni tulifundishwa umoja ni nguvu, tukafundishwa pia mafahali wawili hawakai zizi moja. Nilichagua methali iliyonifurahisha.

Kwa hiyo, mwanangu, ukijua kusoma, shika hili: kabla ya kuongeza wa pili, uliza nani atawaongoza. Kama hayupo, tafuta mmoja mwenye nguvu. Na ukikosea, kiri kosa lako, ila usibebe na la mwenzako. Mungu akupe jicho la bibi yako, na mdomo wangu siku utakapouhitaji.

Kupiga meza ya muuzaji niliacha. Nilikwenda kwa mtendaji wa kata, nikaandika:

"Nalalamika kwamba muuzaji aliniambia kadi mbili zitafanya kazi pamoja kwenye programu niliyomtajia. Hazifanyi. Naomba azichukue zote, anipe moja yenye nguvu kabla ya Jumamosi, kwa sababu kuna baba mgonjwa ambaye bado hajamwona binti yake ndani ya gauni."