Kiti Nilichokipitisha Bila Kukikalia

Chuo kilidai miezi miwili ya mafunzo kwa vitendo, na bila daftari lililosainiwa nisingehitimu. Karakana za karibu na kwetu Babati zilikuwa zimejaa. Iliyonijibu ni moja ya Tanga, inayotengeneza viti vya mabasi.

Muheza, saa kumi jioni. Harufu ya machungwa iliingia dirishani mwa basi ikanilegeza. Nusu nimelala, nusu naota, nikafika Tanga.

Chumbageni nilipewa chumba kwa Bi Mwanaisha, mkaguzi wa ubora wa karakana hiyohiyo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Koga kwanza, habari za kwenu utanipa baadaye."

Kazini alinishangaza. Kila kiti alikikalia, akafumba macho, akawa kimya mpaka nikadhani amelala.

"Nasafiri," alininong'oneza. "Sasa niko Muheza."

Kiti kikimuumiza popote kabla ya Moshi, mwisho wa safari yake ya mawazoni, kilirudi kwa fundi. Moshi yenyewe hajawahi kufika. Mimi, niliyekabidhiwa ubao wa ratiba ya kupeleka viti, nilicheka kimoyomoyo. Lakini mchana wa joto, cherehani zikivuma, hata mimi nilianza kuiona milima ya Usambara ikipita.

Wiki ya mwisho, Bi Mwanaisha alikwenda mazikoni, na gari la kuchukua viti likawa mlangoni. Kiti kimoja kilikuwa hakijakaguliwa. Nilichukua muhuri wake wa ukaguzi, nikakigonga.

"Kile cha mwisho ulikikalia?" aliniuliza aliporudi.

"Nilikikalia, Bi."

Akasaini daftari langu palepale. Jioni niliusogeza wali pembeni. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto.

"Bi, nimekudanganya. Sikukikalia."

Aliendelea kumenya chungwa lake. "Lete hilo daftari." Akaikata saini yake kwa mstari mmoja. "Kesho twende ukakikalie."

Asubuhi tulikuwa kwenye yadi ya kuundia mabasi, nje kidogo ya mji. Basi halikuwa na vioo wala magurudumu, na upepo wa bahari ulipita ndani yake taratibu. Nikakaa kwenye kiti kile, nikafumba macho. Nikapita Muheza, Segera, Korogwe. Nilipokaribia Mombo, chuma kikaanza kunitafuna kiuno. Nilitamani niwe naota.

"Umefika wapi?"

"Mombo, Bi. Kinauma."

"Basi shuka, tukifungue."

Basi lile lilichelewa siku mbili. Ubaoni niliandika sababu, na pembeni nikaandika jina langu. Ndipo Bi Mwanaisha akasaini daftari upya, chini ya saini aliyoikata. Chuoni wataiona, na waione tu.

Safari ya kurudi, nilikaa dirishani. Kabla ya Tanga, muhuri kwangu ulikuwa wino tu. Sasa kila nikiuona nafikiria mgongo wa abiria nisiyemjua, aliyelala kwa sababu ametuamini.

Mombo nilimtumia ujumbe: "Nimepita Mombo, Bi. Mgongo salama."

Jibu lilikuja milima ikiwa bado dirishani: "Bado hujafika. Kaa."