Rodi ya Pazia na Koko wa Alasiri

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwa nyumba yangu hapa Kitengela, jua likiwa bado juu, na pombe sijawahi kuonja.

Nasema nyumba yangu kwa sababu napenda kulisema hilo neno. Miaka yote ya Rongai landilodi alikataza hata msumari. Pazia tulitundika kwa kamba iliyolegea katikati, jirani akipita anaona sufuria zetu. Nikajiapia kwamba nikipata ukuta wangu nitautoboa mwenyewe, na fundi nilimwambia akae kwake. Wifi yangu naye, tangu kaka yake afe na kuniacha mjane, alisema mwanamke peke yake hawezi kumaliza mwezi huku, nitarudi tu kupanga.

Basi alasiri hiyo niko juu ya meza, drili ya jirani mkononi, na rodi ya pazia inanishinda. Ni ndefu: nikiinua huku, kule inaanguka. Nikasikia mlangoni, "Takwenya." Nikajibu, "Iko," vile tumezoea kusalimiana na Wamaasai. Alikuwa koko mmoja, nyanya wa watu, amejifunga shuka, mfupi hata begani hangenifika. Hakuomba maji. Alisema tu, "Nikushikie?"

"Asante, koko. Inua kidogo. Hapo hapo."

Nikatia alama, nikatoboa, nikakaza skrubu, vumbi la saruji likiniingia machoni. Rodi ilinyooka, hata fundi mwenyewe angeniamkia. Nikageuka nimshukuru, ndipo akili ikanirudia. Meza ilikuwa moja, na aliyekuwa juu yake ni mimi. Koko alikuwa amesimama sakafuni, miguu yote miwili chini, na mkono wake umefika kule juu ya dirisha. Niamini, ule mkono uliendelea tu. Na geti nilikuwa nimelifunga kwa kufuli, funguo ziko mfukoni mwangu.

"Ng'ombe zangu hupita hapa jioni zikirudi nyumbani," akasema polepole. "Usizifungie."

Wewe ungefanya nini? Miguu yangu ilikuwa tayari imefika Rongai. Lakini nikamkumbuka wifi akicheka, na hasira ikanisimamisha. Nikasema, "Koko, ningejua ningeuliza kwanza. Njia nakuachia. Lakini hapa sihami."

Akaniangalia sana. Kisha akaachilia rodi, akatembea kuelekea dirishani, na kufumba na kufumbua hakukuwa na mtu.

Tangu siku hiyo, jua likianza kuzama, pazia inajifungua yenyewe, pete moja baada ya nyingine, na sebule yote inanuka ng'ombe na vumbi. Ng'ombe za koko zikishapita, nainuka naifunga pazia. Naogopa? Siku zingine naogopa. Lakini rodi haijawahi kulegea. Wifi alikuja juzi kuona kama nimeshindwa, nikamwekea chai. Zile pete zilipoanza kutembea, alitoka mbio akaacha kiatu kimoja mlangoni.

Kwa hivyo wewe unayenunua ploti huku, usitosheke na kuonyeshwa mawe ya mpaka. Uliza ni nani alikuwa akipita hapo kabla yako. Na kama umechelewa, ukuta umeshasimama, omba msamaha na ukae. Mimi nilikaa. Chai ya wifi ilikuwa bado moto, nikaimalizia.