Siku Niliyopewa Nafasi ya Muuaji

Sikwenda kujifunza Kiingereza, nisidanganye. Nilikwenda kuangalia ngumi. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili nusu yake nilikuwa nachunga ng'ombe wa mjomba, ng'ombe wakorofi wale, lakini tuwaache.

Mwalimu mmoja, si mtu wa huku, alikodi kibanda cha video hapa Makwale akawa anafundisha wafanyabiashara mchana. Anaweka filamu, mtu anapigwa kiti cha kichwa, damu puu, anasimamisha, tunarudia maneno ya aliyepiga. Mke wa mwanangu naye alikuwemo. Yeye alikuwa na shida ya kweli: anapeleka mchele ng'ambo kupitia mpaka wa Kasumulu, na mara mbili alisainishwa karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, mchele ukabaki hukohuko.

Sasa kwetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Kwa hiyo alikaa nyuma ya turubai lililotundikwa kututenga, anasikiliza bila picha. Mwenye shida kakosa picha, mimi mpenda ngumi ninazo. Wala sikuona aibu.

Siku hiyo kwenye filamu muuaji alikuwa anamkaba mwanamke. Mwalimu akasema tuigize.

"Mzee, wewe ndiye muuaji. Mama wa kule nyuma, njoo ukabwe."

Watu wakapiga kelele. "Mwalimu, huyo mkwewe!"

"Hapa hakuna mkwe, hapa Kiingereza tu," akasema, akaingia nyuma ya turubai akamvuta mkono. Binti wa watu akaanguka miguuni pangu, kanga kajifunika uso mzima. Nilimpiga mwalimu fimbo tatu za kichwa. Mbili alistahili. Ya tatu niliipenda tu.

Mwanangu alikuwa kilabuni Busale, habari ikamfikia imeshageuka: eti baba yako na mkeo wamekabana mbele za watu. Jioni nikasikia kelele kwake. Nilipofika mlangoni, anamburuta mkewe kwa nywele, mpini wa jembe mkononi.

"Huendi tena! Nitakung'oa huo ulimi wa Kizungu!"

Na yeye, kila pigo, analia kwa Kiingereza. Maneno ya yule mwanamke wa kwenye filamu, yote, hakosei hata moja. Hapo ndipo nilipoyaelewa.

Nyumba ile mimi siingii, ni mwiko. Nikaingia. Nikampokonya mpini nikampiga nao mkono wa kulia, ukalia kama muwa.

"Baba, umenivunja!"

"Bado mwingine. Mguse tena."

Nilipogeuka nikamwona mkwe wangu uso kwa uso, mara ya kwanza tangu aolewe. Jicho limefumba, mdomo umejaa damu. Hata sura yake ya kawaida siijui.

Jumanne iliyofuata alikwenda darasani na jicho lake hivyo hivyo, akakaa benchi la mbele kabisa. Mimi sijakanyaga tena. Wazee walinisema sana, na wana haki. Mwanangu anakula kwa mkono wa kushoto, na salamu yangu haitikii.